Kikombe cha Kwanza

Makobola, 2 Juni 1964

Shangazi Pudentienne,

Ni mimi Félicité, binti wa marehemu kaka yako. Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Barua hii anakuletea Mama Generose, yule muuza mchele. Wapiganaji wanamwacha apite bariyeri zote za barabarani kwa sababu ndiye anayewalisha. Usiisome mbele ya watu.

Nianze na lile linalonichoma. Mwaka 1957, siku uliyotoka gereza la Uvira, nilikuwa nakwenda misa na wanafunzi wenzangu. Nilikuona umenyolewa kichwa, umebeba mkeka wako. Uliniita kwa jina. Nikajifanya sisikii, nikavuka upande wa pili wa barabara. Wenzangu wakaniuliza, "Yule mama anakujua?" Nikasema hapana. Tangu siku ile hatujaandikiana. Leo sikuandikii kwa sababu nimekuwa mtu mwema. Nina shida, na dawa yake ni kazi ile ile uliyofungiwa.

Tangu wapiganaji waingie Uvira mwezi uliopita, dispensari yetu haipati kitu. Munganga wetu, Jean-Berchmans, alikimbia wiki ile ile. Inasemekana alivuka ziwa kwenda Burundi. Nimebaki peke yangu, mimi niliyefundishwa kuzalisha tu. Wananiletea watu wa risasi, watu wa panga, na akina mama wanaendelea kuzaa kama kawaida. Alikoli ya kusafishia iliisha tarehe 21 Mei. Ninatumia maji ya chumvi. Wiki iliyopita kitovu cha mtoto mchanga kilioza. Siku ya sita mtoto alikakamaa, taya zikafunga, akafa mikononi mwangu. Mama yake bado ananisalimia njiani. Afadhali angenitukana.

Nimesikia kwamba kanyanga, ile pombe kali uliyokuwa ukipika, ikipikwa vizuri inashika moto kama alikoli ya hospitali. Nifundishe, Shangazi. Sijawahi kuionja hata tone. Kasiksi, pombe ya ndizi, iko kila nyumba hapa, lakini namna ya kuitoa kasiksi ikawa kanyanga siijui kabisa.

Ukikataa, nitaelewa.

Mtoto wa kaka yako,
Félicité


Sange, 8 Juni 1964

Félicité,

Siku ile nilijua umenisikia. Mabega yako yalipanda. Basi, tumeshasema, tuliache pale, minye siko na wino ya kupoteza.

Kama unataka kulia, lia, kisha tafuta pipa. Lile la mafuta ya petroli usilitake. Tafuta lililokuwa na mawese, ulisugue na majivu mpaka lisinuke kitu. Mimina kasiksi ya siku tatu au nne, ile imeanza kuwa chungu. Usijaze. Funika, kisha uzibe pembeni yote na udongo wa mufinyanzi. Katika mufuniko toboa tundu moja, humo unaingiza tiyo, bomba la shaba. Tiyo inapita ndani ya mutumbwi mubovu uliojaa maji ya baridi, inatokea ngambo ingine, na pale unatega chupa. Moto inapanda, pombe inageuka moshi, moshi inakuta baridi, inageuka matone. Ni hiyo tu. Wazungu walinifunga miezi mitatu kwa sababu ya hiyo tu.

Usichukue tiyo ya rejeta ya kamio, ile inapoza injini ya lori. Watu wanafanya vile, na inawaua polepole. Nakutumia yangu ya shaba, iko ndani ya gunia la Generose, chini ya muchele. Askari walivunja pipa langu lakini tiyo hawakuiona. Nilikuwa nimeivaa kiunoni kama mukaba, chini ya kitenge, nikatembea nayo mbele yao.

Sasa sikiliza hili kuliko yote. Kikombe cha kwanza kinachotoka, unamwaga. Unamwaga katika udongo, mbali na kuku. Tunakiita kichwa. Kinanuka vizuri kuliko vingine, kinawaka kuliko vingine, na kinakula macho ya watu. Niliona mwanaume muzima anaongozwa na muke wake kwa fimbo sababu ya kile kikombe. Nyuma yake unakuja moyo, ndiyo ile ya muzuri. Mwisho unakuja mukia, unanuka kama mbwa aliyenyeshewa, huo unarudisha ndani ya pipa. Kwa vidonda, upike moyo mara ya pili.

Moto mudogo, Félicité. Weye tangu utoto uko na haraka.

Shangazi yako,
Pudentienne


Makobola, 19 Juni 1964

Shangazi,

Tiyo ilifika salama. Nimeisafisha, nikailaza chini ya godoro langu kama mtoto.

Nimepika mara mbili, na mara zote mbili nimeshindwa.

Mara ya kwanza niliona moto mdogo ni kupoteza siku, nikaongeza kuni. Kasiksi iliungua chini, udongo ukapasuka, mvuke ukanipiga mkono kutoka kiwiko mpaka kidole. Kilichotoka kwenye chupa kilikuwa cheupe kama maji ya kuoshea vyombo. Niliweka kiberiti, kiberiti kikazimika.

Mara ya pili nilipunguza moto lakini nilijaza pipa kupita kiasi. Povu likapanda, likaziba tiyo. Mimi nilikuwa nimekwenda kumwangalia mama mzazi. Nikasikia mlio. Mfuniko uliruka ukagonga bati, wanawake wote wakalala chini wakidhani ni bunduki. Kabla sijafika stoo ninakopikia, wapiganaji watatu wa bariyeri walikuwa mlangoni, bunduki zimeelekezwa kwangu.

"Iko nini humu?"

Nikawaambia nachemsha mashuka ya wagonjwa. Mmoja akanusa. "Mashuka yako yanakula ndizi?" Nikacheka, Shangazi, nikasema ni uji wa wazazi umemwagika. Wakaondoka. Nilifua mashuka yote siku ile, yakawa yananing'inia mpaka barabarani, ili uongo wangu uwe kweli.

Wakirudi sijui nitasema nini. Lakini siwezi kuacha. Kuna kidonda kimoja hapa kinanuka zaidi kila siku, na maji ya chumvi hayakisaidii tena. Niambie ninakosea wapi.

Félicité


Sange, 25 Juni 1964

Félicité,

Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza. Kisha nikafikiri zile bunduki, nikaacha kucheka.

Unakosea katika masikio. Unaangalia moto, angalia moto kidogo, sikiliza pipa sana. Likiimba kama nyuki, ni sawa. Likiguna kama muzee anayeamka, toa kuni mbili. Matone yaanguke moja moja. Yakishikana kuwa uzi, umeharibu. Na usiondoke. Kama muzazi anakuita, zima moto kwanza. Jaza pipa nusu, usizidishe. Mukono wako upake asali, usipake mafuta.

Kuna jambo sikuandika mbele. Mutoto wangu Nyandwi alikwenda na wapiganaji mwezi wa nne. Hakuniaga. Alichukua koti la marehemu baba yake na kisu cha jikoni, basi. Ako na miaka makumi mbili, anajiona mukubwa. Generose alisikia kwamba walimwona Uvira. Kila siku nasikia kamio inapita barabarani na watu wanaimba juu yake, nakimbia kuangalia, yeye hayuko.

Majeruhi wakiletwa kwako, tazama nyuso kwanza.

Pudentienne


Makobola, 5 Julai 1964

Shangazi wangu,

Nina habari mbili, na ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Ya kwanza: imetoka! Nilikaa na lile pipa kwa muda wa saa nne bila kusimama. Lilipoanza kuguna nilitoa kuni, likarudi kuimba. Tone, tone, tone. Nilipika moyo mara ya pili kama ulivyosema, nikamimina kidogo kwenye kisahani, nikaweka kiberiti. Ulikuwa mwali wa buluu, mwembamba, hauna moshi. Nilipiga magoti pale stoo. Tangu siku hiyo nimepika mara nne na nina chupa tatu nzuri. Vitovu sita nimevisafisha, vyote vimekauka na kuanguka vizuri. Na kile kidonda nilichokuandikia kimeanza kuonyesha nyama nyekundu.

Kichwa sikukimwaga, usinigombeze. Mafuta ya taa hakuna, na kichwa kinawaka vizuri mno. Nimekusanya vichwa vyote katika chupa moja, nimeifunga uzi mwekundu shingoni, ninaitumia kuwashia lampu ndogo ya kuchemshia sindano. Hakuna anayeigusa isipokuwa mimi.

Ya pili: Nyandwi yuko hapa. Mzima! Alifika Jumatatu na kundi la Komanda Mathieu, ndio waliopewa bariyeri yetu. Amekonda, ana ndevu tatu hivi ambazo anazionea fahari, na lile koti halivui hata jua likiwa kali. Alinikumbatia mbele ya wenzake. Aliniuliza kama kifua chako bado kinakusumbua wakati wa vumbi. Nilipomuuliza mbona hakukuaga, aliangalia chini, akasema, "Ningemuaga, ningebaki."

Komanda Mathieu ni mtu mwingine. Kila siku ananiuliza munganga Jean-Berchmans alipitia wapi, nani alimpa mtumbwi. Ana karatasi yenye majina ya watu waliofanya kazi ya serikali. Namjibu vile vile kila siku. Kila siku ananitazama kwa muda mrefu zaidi.

Félicité


Sange, 10 Julai 1964

Félicité mutoto wangu,

Nimesoma barua yako mara tano. Ndevu tatu! Baba yake naye alikuwa vile.

Nimekwenda kanisani kushukuru, nikarudi, nikapika wali na kumpa kila mutoto aliyepita. Mwambie Nyandwi siko na hasira. Mwambie kifua hakinisumbui, hata kama ni uongo. Na kwa mukono wako mwenyewe mumiminie kikombe kimoja cha ule moyo, anywe mbele yako, aseme kama inafika ile ya mama yake. Yeye anajua. Tangu utoto nilimufundisha kunusa, hakuna muntu anaweza kumudanganya.

Ile chupa ya uzi mwekundu, mwaga leo. Usingoje kesho. Minye sikukuambia tunza. Nilikuambia mwaga.

Pudentienne


Makobola, Jumapili 12 Julai 1964

Shangazi,

Barua yako imenikuta mbele ya pipa. Generose anasubiri mlangoni, anataka kuondoka jua likiwa bado juu. Keti chini kabla hujaendelea kusoma.

Nilikudanganya. Jean-Berchmans hakukimbia. Walimpiga risasi ya paja alipokuwa anaingia mtumbwini, akajivuta mpaka kwangu. Tangu mwezi wa tano nimemficha ndani ya stoo, nyuma ya mbao za vitanda vibovu. Kile kidonda ni chake. Sikuweza kuandika jina lake katika barua inayopita bariyeri tano. Mtoto wa kitovu ni kweli pia, lakini mtu wa kwanza niliyemfikiria nilipokuomba unifundishe alikuwa yeye.

Jana saa sita mchana Komanda Mathieu alikuja na watu wanne, na Nyandwi alikuwa mmoja wao. Mtu alikuwa amemwambia kwamba ninafua suruali ya kiume. Wakaanza kupekua. Wakaingia stoo, wakaona pipa, wakaona chupa rafuni. Komanda akazifungua moja moja na kunusa. Ile ya uzi mwekundu akainusa mara mbili.

"Hii iko kali kuliko zote. Ya muzuri ndiyo unaficha?"

Nikasema, "Hiyo ni ya lampu, Komanda. Ni sumu."

"Sumu," akasema. "Weye unaweka sumu katika dispensari yetu. Unamwekea nani?"

Akachukua kikombe cha bati, akajaza mpaka juu, akanipa. "Kama ni ya lampu, ni pombe. Kunywa. Kama ni sumu, wewe unajua ulitaka kuua nani. Kunywa vilevile."

Nilikishika, Shangazi. Nyuma ya mbao, hatua mbili kutoka pale, kulikuwa na mtu amezuia pumzi. Nilikuwa nafikiri: nikianguka hapa, nani atampa maji?

Nyandwi akaja, akainamisha pua juu ya kikombe. Nikaona uso wake unabadilika. Akanitazama. Alijua. Uliandika mwenyewe kwamba hakuna wa kumdanganya. Kisha akacheka kwa sauti, akasema, "Komanda, huyu ni binti wa mjomba wangu, ni mchoyo tangu zamani. Kwetu tunapika hii. Anatutisha ili tusimalize pombe yake." Akanipokonya kikombe, akakinywa chote.

Ningeweza kukipiga kikamwagika. Mkono wangu haukusogea. Nakuandikia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Wakacheka wote. Mmoja alipoinua chupa naye anywe, Nyandwi akaigonga kwa kiwiko kama mlevi, ikavunjika. Wakabeba zile tatu nzuri, wakaenda. Mbao hawakuzigusa.

Jioni nilimfuata bariyerini. Akasema kichwa kinamuuma tu. Leo asubuhi wenzake wawili wamemleta. Alitembea mwenyewe, mikono iko mbele. Akaniuliza, "Dada, mbona umejaza moshi humu?"

Sikuwa nimewasha moto.

Hapo mbao zikasogea. Jean-Berchmans akatoka kwa fimbo yake, mbele ya wale wawili. Akamfungua Nyandwi macho kwa kidole, akasema, "Mpe ile nzuri. Nusu kikombe sasa, kisha kidogo kidogo bila kukatiza, siku tatu. Pombe nzuri na mbaya zinagombania mlango mmoja mwilini. Nzuri ikitangulia, mbaya inatoka na mkojo."

Nikamwambia ile nzuri wamechukua yote. Akasema, "Basi pika."

Mpiganaji mmoja akakimbia kumwambia Komanda. Mwingine amebaki, amemshika Nyandwi bega. Nimekwenda kuomba hata chupa moja, zimekwisha zote. Kasiksi niliyonayo ni ya siku mbili, bado tamu, itatoa kidogo sana. Sasa hivi matone yameanza. Kikombe cha kwanza nimekimwaga chini, Shangazi. Nimekimwaga mbele ya macho yake, na hakukiona.

Félicité


Sange, 15 Julai 1964

Félicité,

Kasiksi ya siku mbili haiko na nguvu. Tafuta nzito kwa akina mama wa hapo. Generose anabeba gunia la muchele wangu, wape wote kama wanataka wote. Mukia usitupe, rudisha. Badilisha maji ya mutumbwi yasipate moto.

Moto mudogo. Sasa kuliko siku zingine zote.

Mengine tutasema nikishajua kama niko na mutoto.

Pudentienne


Makobola, 29 Julai 1964

Shangazi,

Una mtoto. Anapumua, anakula, anatembea. Generose amekwishakuambia kwa mdomo, lakini nataka usikie kwangu pia, na usikie yote.

Kile nilichopika Jumapili kilijaa nusu chupa. Jean-Berchmans alimnywesha kwa kijiko. Ilipofika alasiri kilikuwa kimekaribia kuisha, na Nyandwi alikuwa anapumua haraka kama aliyekimbia mlima wa Bijombo. Nilitoka nje nikasimama katikati ya barabara, nikaita kama mwendawazimu, nani ana kasiksi ya zamani. Wa kwanza kuja alikuwa mama wa yule mtoto aliyekufa. Alikuja na mtungi kichwani, akautua, akasema, "Wa siku tano. Chukua." Baada yake wakaja wengine. Nilipika Jumapili, nikapika Jumatatu, nikapika Jumanne. Sikuacha lile pipa liimbe bila mimi kulisikiliza. Gunia lako lilipofika, nililigawa kwa wale mama, wengi walikataa.

Komanda Mathieu alikuja Jumatatu asubuhi na karatasi yake. Alimkuta Jean-Berchmans amekaa chini, kijiko mkononi, kichwa cha Nyandwi kiko juu ya paja lake lisilo na kidonda. Akasema, "Munganga. Nimekutafuta miezi miwili."

Jean-Berchmans hakuinuka. "Nipe mpaka Alhamisi," akasema. "Nikimwacha leo, atakufa leo."

Nyandwi akageuza uso kuelekea sauti. "Komanda, minye sioni. Lakini nasikia. Ukimuchukua huyu sasa, useme mbele ya wote kwamba ni weye umeniua."

Komanda aligeuka kutazama nyuma. Wenzake wote walikuwa mlangoni. Akaweka karatasi mfukoni, akatoka.

Alhamisi akarudi. Hakumpiga. Alisema kule kusini wana majeruhi wengi na hawana munganga. Jean-Berchmans aliomba nimfunge kidonda upya, akanionyesha kwa mara ya mwisho namna ya kukaza bandeji. Nikampa chupa moja. Alikwenda anachechemea kati ya watu wawili kwenye njia ya Fizi, na chupa kwapani. Hakugeuka. Sijasikia habari yake tena.

Macho ya Nyandwi: anaona dirisha, kwamba kuna mwanga pale. Anaona mtu akipita mbele ya mwanga. Sura haoni. Jean-Berchmans alisema huenda yakarudi kidogo, huenda yasirudi.

Nilimuuliza kwa nini alikunywa. Akasema alisikia mbao zikilia nyuma yangu, akajua niko na mtu. "Ungekunywa weye, tungezika wawili. Minye nilifikiri itaniumiza kichwa tu, na kutapika. Mama alikuwa anasema macho, lakini mama anasemaga mambo mengi." Akacheka. Mimi nilishindwa.

Komanda amemwondoa kundini. Kesho anapanda mtumbwi na Generose mpaka Uvira, kisha kamio. Atafika na barua hii katika koti.

Ulisema mwaga, mimi nikatunza. Sikuombi unisamehe katika barua. Tiyo yako nimeifunga katika kitambaa, iko tayari kurudi ukiitaka.

Félicité


Sange, 23 Agosti 1964

Félicité,

Nilianza barua mbili mbele ya hii, nikazichoma. Zilikuwa na maneno ambayo muntu akiisha kuandika hawezi tena kukaa meza moja na aliyeandikiwa.

Alishuka katika kamio mbele ya soko, Generose amemushika mukono. Nilisimama karibu bila kusema. Nilitaka kujua. Alinitazama usoni, akanipita. Hatua mbili. Kisha nikakohoa kile kikohozi cha vumbi, akageuka na kusema, "Mama." Nililia mbele ya soko lote.

Nimekukasirikia, na bado. Usiku mwingine namusikia anagonga mutungi, anatafuta maji, nakukasirikia upya. Kisha nakumbuka ni minye nilitia tiyo katika muchele, na nilifurahi, nilifurahi mno kwamba umeniita shangazi. Kisha nakumbuka zile siku tatu ulikaa na pipa mule ndani. Sijui kupima haya yote. Nimeacha kupima.

Generose anasema kule Baraka, upande wa Fizi, kuna munganga anayechechemea, anatibu watu chini ya ulinzi. Hakumuona yeye mwenyewe, aliambiwa. Nakupa kama nilivyopewa.

Tiyo usirudishe. Wanawake wanazaa, na vitovu havingoji vita iishe. Pika, lakini kichwa umwage, na uniandikie kila mara kwamba umekimwaga. Kila mara. Bila hiyo silali.

Nyandwi anajifunza njia za shamba kwa miguu. Jana asubuhi nilikuwa katika mupunga napiga debe kufukuza ndege, yeye amekaa juu ya tuta na lile koti. Akasema, "Mama, kuna kitu cheupe pale."

Nikatazama. Walikuwa nyange, wamesimama katika maji, mbali kidogo.

Nikamuuliza, "Viko ngapi?"

Alinyosha shingo. Akasema, "Usiniombe mengi, Mama. Nimesema cheupe."

Walikuwa saba. Nililaza debe chini polepole, wasiruke, na tukabaki pale sisi wawili tunawaangalia.

Shangazi yako,
Pudentienne